Mkate wa Bure

Duka la mikate la Zaituni lilitazamana na la mdogo wake, Salha. Bei zilipangwa na mashine, na sheria iliwakataza washindani kuzungumzia bei, hata wakiwa wamezaliwa tumbo moja. Mashine zao hazikuwasiliana, ila kila moja ilichungulia mauzo ya mwenzake, na bei zikawa zinapanda pamoja.

Asubuhi moja jirani yao Bi Mwajabu, mzazi wa siku chache, alishindwa kununua mkate. Zaituni akampa bure.

Mashine ya Salha ikaona mkate umetoka kwa sifuri, ikadhani vita vimeanza. Nayo ikashusha bei hadi sifuri. Watu wakajaa dukani kwa Salha, rafu zikabaki tupu. Salha akavuka barabara analia.

"Dada, nimekukosea nini? Mbona unaniua njaa na wanangu?"

Zaituni alifungua mdomo. Ukutani, mashine yake ikawasha taa nyekundu: ilikuwa inasikiliza, tayari kuripoti neno lolote la bei.

"Watoto hawajambo?" aliuliza.

Salha alimkodolea macho kama mtu asiyemjua. Zaituni akatafuta jibu ambalo halina bei ndani yake.