Machungwa ya Mwenye Boma

"We Ngui, hilo si la kula!"

Kalondu alichelewa. Mwanawe alikuwa ameshamega pambo la Krismasi, na sasa alikuwa mlangoni akitema karafuu huku machozi yakimlengalenga. Dada yake Mwelu, wa miaka sita, alicheka hadi akashika mbavu.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Desemba, mwaka wa 1998, kwenye boma moja nje kidogo ya soko la Ekalakala. Mezani kulikuwa na machungwa kumi na moja, sasa kumi. Kazi yenyewe ni hii: unatoboa ganda kwa mwiba wa mgunga, unadunga karafuu mojamoja hadi chungwa liote chunusi, kisha unalibingirisha kwenye mdalasini uliosagwa na kulitundika kwa uzi wa kusukia kiondo. Kalondu alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa akiwapikia, kabla hajaolewa. Majirani walipamba kwa baluni na karatasi za rangi. Lakini baluni hainukii, na mwenye boma alikuwa haoni.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu Pasaka alikuwa Nairobi kwa jamaa zake akitafuta matibabu, na ujumbe wa mwisho ulifika Oktoba: upasuaji haukusaidia, Krismasi atajaribu kuja. Atajaribu! Kalondu alilichukia neno hilo. Miezi minane amelala peke yake katika chumba ambacho hata paka alikihama. Mchana watoto walimchangamsha, lakini wakishalala alikuwa hana wa kumwambia hata kwamba mvua imekataa kunyesha. Alikuwa mpweke, na aliona haya kuwa mpweke.

"Akikuja atajua aje kama tumepamba?" Mwelu aliuliza.

"Atanusa. Akifika tu mlangoni, atajua hapa ni kwake."

Jirani yao Kanini alipitia kuomba chumvi na, kama kawaida yake, akaacha maneno mengi kuliko chumvi aliyopewa.

"Unajisumbua bure, mwaitu. Huko ako na watu wa damu yake. Nyinyi hata kanisani hamkuandikishwa. Wakisema hii boma ni yao, utaenda wapi na hawa watoto?"

"Nilitolewa mahari," Kalondu alisema. "Ng'ombe sita, mbele ya watu wote. Hata wewe ulikula nyama."

"Nilikula. Na nilicheka pia. Nani hakucheka?" Kanini aliwatazama watoto, mmoja baada ya mwingine. "Na kufanana, hawafanani na yeye hata kidogo."

Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale Ekalakala. Kalondu alimpimia chumvi, akarudi kwa machungwa yake.

Saa tisa alasiri pikapu ilisimama uani. Aliyeshuka kwanza ni Aloys, mtoto wa ndugu yake mwenye boma, mtu wa ofisi na tai. Aliacha injini ikinguruma.

"Hatukai. Tumekuja kuchukua nguo na hati ya shamba."

"Ameamua kubaki Nairobi?" Kalondu aliuliza.

"Tumeamua sisi. Hatuwezi kumwacha kipofu na mtu baki."

Kalondu aliwavuta watoto karibu naye.

Mlango wa pili wa pikapu ulifunguka. Mwenye boma alishuka akipapasa, akaja polepole kuelekea nyumba, na alipofika kizingitini akasimama ghafla. Alivuta pumzi kwa pua. Akavuta tena, ndefu zaidi.

"Kumbe Krismasi imenitangulia kwangu. Nani amefanya hivi?"

"Ni sisi!" Mwelu alidakia. "Ngui akakula moja."

Mkono mkavu ulikitafuta kichwa cha Ngui ukakipata, kisha ukashuka begani kwa Mwelu, ukatulia hapo.

"Aloys, zima gari. Unishushie sanduku."

"Lakini huyu si..."

"Huyu nilimuoa. Ng'ombe nilitoa mimi, na wakati huo nilikuwa naona vizuri sana."

Aloys alilegeza tai yake. "Shangazi," alisema, "hayo mambo ya mwanamke kuoa mwanamke amzalie watoto ni ya zamani."

"Mimi pia ni wa zamani," bibi kizee alijibu, akinyoosha mkono mbele yake hewani. "Mke wangu, uko upande gani?"