Ukuta wa Nungunungu

Nungunungu aliacha kutoka shimoni mwake. Hakuwa amefiwa, wala hakuna aliyemuudhi. Moyo ulimlemea tu. Alilala, akaamka, akalia, akalala tena.

Siku moja mwiba wake mmoja ulidondoka. Akauokota, akaukwaruza ukutani, ukatoka mstari. Akachora mwingine, kisha mwingine, na jua lilipotua akagundua kwamba kutwa nzima hakulia. Tangu hapo akawa anachora kila siku, mpaka ukuta ukajaa.

Jirani yake Ngiri, mpenda usafi, akasikia kwamba mwenzake anaumwa. Kwao, mtu akiugua majirani humfanyia kazi za nyumbani. Basi Ngiri akaja na tope, na Nungunungu alipokuwa amesinzia, akaukandika ukuta wote upya.

"Shoga, amka uone!" akasema. "Nimekuondolea mikwaruzo yote. Nyumba ya mgonjwa haifai kuwa vile."

Nungunungu akaamka, akautazama ukuta.

"Ile mikwaruzo ndiyo iliyokuwa inanivusha siku," akasema.

Ngiri akashika kichwa. "Maskini mimi! Nilikuja kukuuguza, kumbe nimekumaliza!"

Nungunungu akasogea, akaugusa ukuta. Ulikuwa bado mbichi. Akachukua mwiba wake, akachora mstari mmoja, nao ukapita laini kuliko yote aliyowahi kuchora.

"Usilie, shoga," akasema bila kugeuka. "Ile ya jana ilishanivusha jana. Kesho niletee tope jingine."