Anaendelea Vizuri

"Namjua vizuri binti huyo," profesa alisema mbele ya kikao cha idara, huku akikinyooshea kidole kiti kitupu. "Haya malalamiko sijui yametoka wapi."

Yalitoka kwa msusi aliyekaa karibu na dirisha, mikono imetulia mapajani. Ndiye dada wa binti huyo, mwanafunzi wa profesa. Aliandika kwamba mdogo wake amesajiliwa kwa shahada ya uzamivu lakini msimamizi hakutani naye. Kanuni ya chuo ilikuwa kali: msimamizi asiyeonana na mwanafunzi wake mwaka mzima anavuliwa kazi hiyo, na jina lake linapelekwa juu.

"Na mwenyewe yuko wapi?" aliuliza mama mkuu wa idara.

"Hakuweza kuja, mama. Nimekuja mimi kwa ajili yake."

"Hakuweza!" Profesa akacheka. "Vijana wa siku hizi, ukiwabeba mgongoni watalalamika mgongo una mifupa."

Msusi alimwomba Mungu subira, kama alivyoiomba tangu siku zile mdogo wake alipokuwa akishinda kwenye benchi nje ya ofisi ya profesa, kifua kikimbana, na profesa akitokea mlango wa nyuma.

"Twende kwanza ukapimwe," msusi alimsihi.

"Akishanisikiliza, dada. Nikikosa sahihi yake wataniondoa."

Profesa hakumsikiliza. Tangu hapo kazi ya usajili aliibeba msusi. Ada alilipa yeye, na kila mwaka wa masomo ulipofunguliwa alimsajili tena mdogo wake kwa simu. Wateja walimwambia, "Mwenzetu, achana na hicho chuo, kitakufilisi." Yeye aliendelea kusuka. "Haki ya mtu haiozi," aliwajibu.

Na kila mwaka ripoti ya profesa ilisema vilevile: nimeonana naye, anaendelea vizuri.

"Profesa, sema mbele ya kikao," alisema mkuu. "Mmeonana mwaka huu?"

"Mara nyingi tu."

"Samahani, mama, naomba nimuulize," msusi akasema. "Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Profesa alimtazama kama nzi aliyetua kwenye kikombe chake. "Jumatatu iliyopita. Alikaa ofisini kwangu saa nzima."

"Ulimwonaje?"

"Mzima kabisa! Hata amenenepa. Tulicheka sana. Tena kwa kuwa umenilazimisha, acha niseme: aliniambia haya malalamiko ni yako, si yake. Anakuonea aibu."

Wajumbe wawili walificha tabasamu. Mkuu akavua miwani.

"Dada, umesikia mwenyewe. Unataka kumharibia mtu kazi yake kwa chuki zako?"

"Nimesikia, mama. Karani naye ameandika?"

"Neno kwa neno," karani akajibu.

Msusi akasimama, akatengeneza mtandio wake kichwani, akamtazama profesa kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi mumuulize alitokaje kaburini. Mimi ndiye niliyemwosha, mwaka juzi."