Kabla Mvua Haijashika

Bi harusi alikuwa amepiga magoti shambani, mkono umezama udongoni hadi kwenye kifundo. Ndoa ilikuwa kesho kutwa. Nyuma yake alisimama mama mwenye shamba, akitazama wingu zito lililokuwa likipanda kutoka mlimani.

"Unasikia nini hapo chini?"

"Ubaridi."

"Basi tayari. Panda."

Mabua ya msimu uliopita yalikuwa yamelazwa yakafunika ardhi kama mkeka. Bi harusi aliyasogeza kidogo, akatia punje za mahindi na kunde shimo moja, akafukia, akayarudisha mabua mahali pake.

"Haya yasichomwe hata siku moja," mama alisema. "Bwana harusi wako akiona mabua, mkono unamwasha. Umfiche kiberiti."

"Na akinuna?"

"Atanuna. Mpe chai, mwashie redio. Nimemdekeza mwenyewe, lawama ni yangu."

Bwana harusi alikuwa nyumbani. Aliitwa shambani tangu asubuhi, akasema mgongo unamuuma. Hakuna aliyeshangaa.

Muuza mbegu mmoja, mgeni wa pande zile, alisimamisha baiskeli njiani akawatazama.

"Hongera, mama. Mkwe umepata."

"Nilitafuta sana," mama alijibu. "Wengine walikuja na kucha ndefu."

Muuza mbegu akacheka, akaenda zake.

Wakateremka hadi ukingo wa chini, palipopandwa majani marefu kwa mstari ili maji yasibebe udongo. Mama naye akapiga magoti.

"Nilipoolewa hapa palikuwa kokoto tupu. Mvua ikinyesha, rutuba yote inaishia mtoni. Nilipopanda majani haya mawifi zangu walicheka wakashika mbavu. Eti nalima malisho ya mbuzi nisiokuwa nao."

Alichota udongo kwa kiganja, akaunusa. Ulikuwa mweusi, unanata kidogo. Hakuurudisha upesi.

"Ungebaki tu," bi harusi alisema taratibu. "Nyumba ni kubwa."

"Nyumba ni kubwa, lakini ardhi ni ya ukoo wao. Kaka yangu amenipa kipande kwetu. Kigumu kama sahani. Nitaanza upya."

"Kwa umri huo, mama?"

"Udongo hauulizi umri."

Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yakipiga mabua. Hawakukimbia. Walipanda mstari wa mwisho huku nguo zimewaganda mwilini.

Walipomaliza, mama alijikung'uta magoti, akamtazama bi harusi kutoka kichwani hadi miguuni, akaridhika.

"Kumwacha mume wangu hakujanisumbua hata kidogo," alisema. "Ila udongo huu ningemwachia nani? Ndiyo maana nikamtafutia mke mwingine kwanza."