Bima ya Miguu ya Mbele

Zama zile wanyama walipoogopa bei ya dawa kuliko ugonjwa wenyewe, Jongoo alizunguka kutafuta bima ya afya. Kila wakala akiiona miguu yake alitaja bei ya kukatisha tamaa. Kunguru peke yake ndiye aliyejifanya kumhurumia.

"Ndugu yangu, kata bima ya miguu ya mbele tu. Kila mwezi nitapita kuchukua mtama kidogo."

Jongoo akakubali. Haukupita muda akachomwa na mwiba mguuni, akajikokota hadi kwa Kunguru.

Kunguru alitupa jicho tu, bila hata kuinama. "Huo ni wa nyuma. Haumo."

"Jamani! Mwili si ni mmoja?"

"Mwili ndiyo. Bima siyo."

Jongoo alirudi nyumbani akichechemea, hasira zimemjaa. Mwisho wa mwezi Kunguru akapiga hodi, akamkuta amejikunja duara.

"Nimefuata mtama wangu."

"Wenye bima ni miguu ya mbele. Idai yenyewe."

Kunguru akalizunguka lile duara, akainama, akainuka, akainama tena. "Sasa ya mbele ni ipi?"

"Unaniuliza mimi?" Jongoo akafoka. "Mbona siku ile uliijua bila hata kuinama?"