Mahali Pasipo Upepo

Njiti ya kiberiti ilizimika tena, na upepo haukuwepo.

Emerance alikuwa amechuchumaa kando ya mbabula, jiko lao dogo la mkaa, makaa hayajashika, ndizi za kuchoma zinangoja. Kichwa kilikuwa kizito. Alidhani ni njaa. Chini yake kidogo, katika kishimo kati ya mawe ya volkeno, mume wake alilala chali, kitabu kimemfunika uso. Wote wawili walikuwa wanasomea masta, na Jumapili ndiyo siku yao ya kutoka nje ya mji.

"Apa ni muzuri, hakuna upepo wa kugeuza kurasa," mume alikuwa amesema. Mkeka aliutandika Emerance mwenyewe.

Alisimama, akawasha njiti nyingine. Usawa wa kifua iliwaka vizuri. Akaishusha polepole. Ilipofika magotini moto ukakatika, kama mtu ameubana kwa vidole.

Mazuku. Hewa ile isiyo na harufu, inayotoka ardhini na kulala mabondeni, inayoua mbuzi na watu. Kila mtoto wa Goma ameonywa: anayeinama kumwinua aliyeanguka, naye huanguka juu yake.

"Cheri!"

Akiwa anasoma, ukimwita huitikia "mm" bila kuinua macho. Safari hii hakuitikia.

"Cheri, amuka! Simama!"

Alizitazama kurasa zilizolala juu ya pua yake. Hazikutikisika.

Barabarani hapakuwa na mtu. Emerance alitupa kiberiti, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akaibana, akainama.