Fungu la Mumewe

Tangu mume wa Wanu apotee baharini, kila magharibi mama mkwewe alimwekea mwanawe futari chini ya kawa, kifuniko cha ukili, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Siku ile mwani wao wote wa kuuza ulikuwa umeoza. Chakula kilichobaki nyumbani kilikuwa kile kipande cha muhogo cha futari tu. Mtoto alilia. Wanu akafunua kawa.

Mkono mkavu, uliopasukapasuka kwa maji ya chumvi, ukamkamata.

"Hicho cha mwanangu!"

"Mama, mjukuu wako hajala tangu jana."

Bibi alizidi kumbana mkono huku akimtazama mtoto. Kisha vidole vikalegea, kimoja kimoja. Akaumega muhogo mwenyewe, akamtilia mtoto kinywani.

"Kesho," alisema bila kumtazama Wanu, "kaa eda ya mumeo."